Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba na Wale Aliokufa Pamoja Nao



Kila mwaka tarehe 9 Agosti kalenda ya Kanisa inatuletea jina la Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, bikira na shahidi. Ni kumbukumbu ya hiari, na katika parokia zetu nyingi hupita kimya. Padre anataja kwamba alikuwa mtawa Mkarmeli aliyefia Auschwitz, kisha Misa inaendelea. Sisi tunaosoma falsafa tunamfahamu zaidi kidogo, kwa sababu alikuwa mwanafalsafa kabla ya kuwa mtawa, na jina lake la kuzaliwa, Edith Stein, tunakutana nalo tunapojifunza fenomenolojia.

Hata hivyo, iko namna ya kumkumbuka ambayo haimtendei haki. Tukimkumbuka peke yake, tunawasahau watu wapatao milioni 1.1 waliouawa katika kambi ile ile. Karibu milioni moja kati yao walikuwa Wayahudi kama yeye. Hawana kaburi, na wengi hawana ndugu aliyebaki wa kuwataja. Katika makala hii tunapenda kuyaeleza maisha yake kwa namna itakayotufikisha kwao pia, maana tukiyafuatilia vizuri tutaona kwamba yeye mwenyewe hakukubali kutenganishwa nao.

Binti wa nyumba ya Kiyahudi

Edith alizaliwa tarehe 12 Oktoba 1891 katika mji wa Breslau, ambao wakati huo ulikuwa Ujerumani na leo ni Wrocław nchini Poland. Siku hiyo Wayahudi walikuwa wakiadhimisha Siku ya Upatanisho, siku takatifu kuliko zote katika mwaka wao. Mama yake, Auguste, aliichukua kuwa baraka ya pekee kwa mtoto huyu wa mwisho. Edith alikuwa mtoto wa kumi na moja, na wanne walikuwa wamekwisha kufariki wakiwa wadogo.

Kabla hajatimiza miaka miwili, baba yake, Siegfried, alifariki ghafla. Aliacha biashara ya mbao yenye madeni. Ndugu walimshauri mjane aiuze, lakini Auguste aliishika mwenyewe, akajifunza kupima miti kwa macho, akalipa madeni na kuwasomesha watoto wote. Alikuwa mwanamke wa sala, mwaminifu kwa sinagogi na kwa Sabato. Wengi wetu tumelelewa na akina mama wa namna hiyo, kwa hiyo hatupati shida kumwelewa.

Edith alikuwa na akili nyepesi mno. Lakini alipofika umri wa miaka kumi na minne hivi, aliacha kusali kwa hiari yake mwenyewe. Hakumchukia Mungu, ila hakuona tena sababu ya kuzungumza naye. Alichotafuta kilikuwa ukweli, na aliamini ataupata katika elimu.

Mwanafalsafa aliyetaka kumfahamu mwenzake

Mwaka 1911 aliingia Chuo Kikuu cha Breslau, na mwaka 1913 akahamia Göttingen kusoma kwa Profesa Edmund Husserl, mwanzilishi wa fenomenolojia. Vita Kuu ya Kwanza ilipozuka, aliacha vitabu kwa muda. Mwaka 1915 alijitolea kuwa muuguzi wa Msalaba Mwekundu katika hospitali ya askari wenye magonjwa ya kuambukiza huko Moravia. Aliwauguza watu wa mataifa mengi, wengine akiwa hana hata lugha ya kuzungumza nao.

Mwaka 1916 alipata shahada ya uzamivu katika Chuo Kikuu cha Freiburg kwa alama za juu kabisa. Tasnifu yake ilihusu jambo ambalo kwa juu juu linaonekana dogo: mtu anawezaje kuyafahamu maisha ya ndani ya mtu mwingine? Uchungu wa mwenzangu si uchungu wangu. Siusikii katika mwili wangu. Hata hivyo, ninapomtazama usoni, ninajua kwamba anaumia, na ujuzi huo si wa kubahatisha wala wa kukisia tu. Edith alieleza kwamba ninafikishwa kweli kwenye maisha ya mwenzangu, bila kuyageuza kuwa yangu. Yeye anabaki yeye, nami nabaki mimi. Tunaomba msomaji alishike wazo hili, kwa maana tutalihitaji tutakapozungumzia namna ya kuwakumbuka wafu wasio wetu.

Baada ya hapo alikuwa msaidizi wa Husserl hadi mwaka 1918, akipanga na kusafisha miswada ya profesa wake. Pamoja na uwezo huo wote, hakupewa nafasi ya kufundisha chuo kikuu, kwa sababu alikuwa mwanamke. Alilalamika kwa serikali, na mwaka 1920 ikatolewa kauli rasmi kwamba kuwa mwanamke si kizuizi. Kauli hiyo ilikuja kuwasaidia wengine, si yeye.

Njia ya imani

Novemba 1917 rafiki na mwalimu wake, Adolf Reinach, aliuawa vitani. Edith alikwenda kumsaidia mjane wake, Anna, kupanga maandishi ya marehemu. Alijiandaa kumkuta mtu aliyevunjika, lakini akamkuta mwanamke Mkristo anayeteseka huku amesimama imara. Hapo, kwa mara ya kwanza, aliona nguvu ya Msalaba ndani ya mtu aliye hai.

Miaka michache baadaye, katika kiangazi cha mwaka 1921, akiwa mgeni nyumbani kwa rafiki zake huko Bergzabern, alisoma maisha ya Mtakatifu Teresa wa Avila yaliyoandikwa na mtakatifu mwenyewe. Alikuwa amefika mwisho wa utafutaji wake. Alibatizwa tarehe 1 Januari 1922.

Habari hiyo ilimuumiza sana mama yake, na Edith alijua. Aliendelea kwenda naye sinagogi kila alipokuwa nyumbani likizo. Kwa miaka minane alifundisha katika shule ya masista Wadominikani mjini Speyer, akatafsiri kwa Kijerumani maandishi ya Mtakatifu Thomas wa Akwino juu ya ukweli, na akaalikwa miji mingi kutoa mihadhara juu ya elimu ya wanawake. Mwaka 1932 alianza kazi katika taasisi ya elimu ya ualimu huko Münster. Mwaka uliofuata Hitler alishika madaraka, na kwa sababu ya asili yake Edith alilazimika kuacha kufundisha.

Kalamu dhidi ya uongo

Mwaka huo wa 1933 Edith alifanya mambo mawili ambayo hayatajwi sana siku ya sikukuu yake.

La kwanza, mwezi Aprili alimwandikia barua Papa Pius XI. Alimweleza mateso yanayowapata Wayahudi wa Ujerumani, na akamwomba Kanisa lipaze sauti dhidi ya chuki ile, iliyokuwa ikienezwa na serikali yenye watu waliojiita Wakristo. Aliona mapema kwamba kunyamaza hakutawalinda hata Wakatoliki wenyewe. Barua hiyo ilikaa katika hifadhi ya nyaraka za Vatikani kwa miaka 70 kabla ya kuwekwa wazi mwaka 2003.

La pili, alianza kuandika kitabu juu ya maisha ya familia yake ya Kiyahudi. Sababu aliieleza wazi. Vijana wa Ujerumani walikuwa wakilelewa katika chuki ya rangi tangu utotoni. Walimjua Myahudi wa kwenye vibonzo na hotuba, mwenye uchoyo na hila, kwa sababu hawakuwahi kukaa meza moja na Myahudi wa kweli. Edith aliona kwamba wale waliokulia katika nyumba hizo wana wajibu wa kutoa ushuhuda. Basi akaandika juu ya mama yake na yadi ya mbao, juu ya sikukuu, ugomvi wa ndugu, masomo, magonjwa na harusi. Hakuwapamba watu wake, aliwaonesha kama walivyokuwa.

Tukitafakari, hiyo ndiyo elimu ya kumbukumbu, na Edith aliianza kabla kambi za maangamizi hazijajengwa. Alitambua kwamba kabla ya kuuawa, watu huondolewa kwanza nyuso na majina katika fikra za majirani zao. Alijaribu kuwarudishia nyuso hizo kwa kalamu. Kitabu hakikukamilika.

Karmeli na uhamisho

Tarehe 12 Oktoba 1933 Edith alitimiza miaka 42. Siku hiyo alikwenda sinagogi na mama yake, ambaye sasa alikuwa mzee wa miaka 84. Siku mbili baadaye aliingia monasteri ya Wakarmeli mjini Cologne. Hawakuonana tena. Alipovikwa vazi la kitawa mwaka 1934 alipewa jina la Teresa Benedikta wa Msalaba. Mama yake alifariki tarehe 14 Septemba 1936, sikukuu ya Kutukuka kwa Msalaba, na mwishoni mwa mwaka huo dada yake, Rosa, aliyekuwa amesubiri kwa muda mrefu ili asimwongezee mama uchungu, naye akabatizwa.

Usiku wa tarehe 9 kuamkia 10 Novemba 1938 masinagogi yalichomwa moto Ujerumani nzima. Ili asiwaletee hatari watawa wenzake, Edith alihamishwa tarehe 31 Desemba kwenda monasteri ya Echt nchini Uholanzi. Baadaye Rosa alimfuata, akawa mhudumu wa getini. Lakini mwaka 1940 Ujerumani iliivamia Uholanzi pia. Monasteri ya Le Pâquier huko Uswisi ilikuwa tayari kumpokea Edith, ila yeye hakutaka kuondoka bila Rosa. Vibali havikupatikana kwa wakati.

Jumapili tarehe 26 Julai 1942 maaskofu wa Uholanzi, wakiongozwa na Askofu Mkuu Johannes de Jong wa Utrecht, waliagiza barua yao isomwe katika makanisa yote Katoliki kupinga kusafirishwa kwa Wayahudi. Siku hiyo hiyo huko Dachau aliuawa Padre Titus Brandsma, Mkarmeli mwingine, profesa wa falsafa aliyekataa magazeti Katoliki yatumiwe na Wanazi. Kisasi hakikuchelewa. Jumapili iliyofuata, tarehe 2 Agosti, Wayahudi Wakatoliki walikamatwa nchi nzima. Miongoni mwao walikuwa ndugu kadhaa wa familia ya Löb, watawa Watrapisti. Jioni askari walifika Echt wakawachukua Edith na Rosa. Edith alimshika dada yake mkono, wakaondoka pamoja, akimwambia kwamba wanakwenda kwa ajili ya watu wao.

Walipitishwa Amersfoort, kisha kambi ya Westerbork. Walionusurika walisimulia jambo moja kuhusu siku hizo. Akina mama wengi walikuwa wamezidiwa na huzuni hata wakashindwa kuwatazama watoto wao. Edith aliwachukua watoto hao, akawaosha, akawachana nywele, akawatafutia chakula. Yule aliyeandika tasnifu juu ya kumfahamu mwenzako katika uchungu wake alikuwa sasa akiisoma somo hilo kwa mikono.

Tarehe 7 Agosti treni iliondoka Westerbork kuelekea mashariki. Tarehe 9 Agosti 1942 Edith na Rosa waliuawa kwa gesi huko Auschwitz-Birkenau. Kaka yao Paul na dada yao Frieda walifia kambi ya Theresienstadt. Watoto wale waliochanwa nywele hatuyajui majina yao.

Kumkumbuka nani?

Papa Yohane Paulo II alimtangaza Edith kuwa mwenyeheri mjini Cologne tarehe 1 Mei 1987, mtakatifu mjini Roma tarehe 11 Oktoba 1998, na mwaka 1999 akamfanya msimamizi mwenza wa Ulaya.

Si wote waliofurahi. Wayahudi wengi waliuliza swali zito: je, Edith aliuawa kwa sababu alikuwa Mkatoliki, au kwa sababu alizaliwa Myahudi? Rosa alipandishwa treni ile ile, pamoja na mamia ya watu ambao hawakuwahi kubatizwa. Waliogopa kwamba Kanisa, kwa kumweka Edith juu ya altare, litaifanya Auschwitz ionekane kana kwamba ni historia ya mateso ya Wakristo. Hata ndani ya ukoo wake hisia zilikuwa mbili. Mpwa wake, Susanne Batzdorff, aliyebaki Myahudi, alihudhuria ibada ya Cologne, na baadaye akaandika kitabu ili shangazi yake asitenganishwe na asili yake.

Hofu hiyo haikuwa ya bure. Mwaka 1984 Wakarmeli walifungua monasteri katika jengo lililokuwa kando ya kambi ya Auschwitz. Nia yao ilikuwa kuwaombea marehemu. Lakini kwa Wayahudi waliopoteza jamaa zao pale, ilionekana kama kuwanyang'anya hata kilio chao. Baada ya mvutano wa miaka mingi, mwaka 1993 Papa mwenyewe aliwaomba masista wahamie mahali pengine.

Hapa ndipo wazo la kijana Edith linapotusaidia. Kumfahamu mwenzangu hakunipi ruhusa ya kumgeuza awe mimi. Myahudi aliyekufa akiwa Myahudi tunamkumbuka akiwa Myahudi. Hatumbatizi baada ya kufa ili tuweze kumlilia. Edith alikuwa shahidi kwa sababu alikamatwa kwa kisasi dhidi ya sauti ya Kanisa, na aliuawa kwa sababu alikuwa binti wa Israeli. Mambo yote mawili ni kweli. Anayelifuta mojawapo hamkumbuki Edith Stein, anamkumbuka mtu mwingine aliyemtunga mwenyewe.

Papa Yohane Paulo II alilielewa hilo. Siku ya kumtangaza mtakatifu alisema kwamba tangu hapo, kila mwaka tunapoadhimisha kumbukumbu yake, tukumbuke pia Shoah, yaani mpango ule wa kikatili wa kuliangamiza taifa zima la Wayahudi, uliochukua watu milioni 6. Kwa hiyo tarehe 9 Agosti ni siku ya mtakatifu mmoja na ni siku ya wale wote.

Wanaotunza majina

Wapo watu wanaoifanya kazi hii kila siku. Huko Wrocław nyumba ya familia ya Stein imekuwa mahali pa mafunzo na mazungumzo kati ya Wakristo na Wayahudi. Mjini Cologne, karibu na seminari ya jimbo kuu, imesimama sanamu ya shaba inayomwonesha Edith mara tatu, akiwa msichana wa Kiyahudi, mwanafalsafa na mtawa. Pembeni yake kuna rundo la viatu vya waliouawa. Waseminari wenzetu wa Cologne hawawezi kumtazama mtakatifu bila kuviona viatu vile.

Mahali palipokuwa kambi ya Westerbork pamewekwa mawe 102,000, jiwe moja kwa kila mtu aliyesafirishwa kutoka Uholanzi asirudi. Auschwitz yenyewe imekuwa makumbusho tangu mwaka 1947. Huko Yerusalemu taasisi ya Yad Vashem inakusanya majina, na imekwisha kupata zaidi ya milioni 4. Ndugu, rafiki au jirani hujaza karatasi moja kwa mtu mmoja. Wauaji walitumia hesabu. Kazi ya kumbukumbu ni kuirudisha hesabu hiyo kuwa mtu mmoja mmoja, mwenye jina, mtaa na umri.

Na sisi?

Mtu anaweza kuuliza mambo hayo yanatuhusu nini huku kwetu. Jirani zetu wa Rwanda wanalijua jibu. Kanisa la Nyamata, ambamo watu walikimbilia mwaka 1994 wakauawa humo humo, leo ni mahali pa kumbukumbu, na huko nako redio na magazeti yalitangulia mapanga. Chuki dhidi ya kundi la watu huanza na mzaha na jina la kejeli. Huendelea kwa sababu waumini wema wanaona si kazi yao kusema.

Sisi Wakatoliki hatuna upungufu wa ibada za kuwakumbuka wafu. Mwezi Novemba tunaandika majina ya marehemu wetu kwenye bahasha na kuyapeleka altareni. Tunajua kwamba jina likitajwa, mtu anakuwapo mbele ya Mungu na mbele ya jumuiya. Tunachopungukiwa ni kuwataja wafu wasio wa ukoo wetu wala wa dini yetu.

Kwa hiyo tunapendekeza jambo lililo ndani ya uwezo wa kila parokia na kila jumuiya ndogondogo. Tarehe 9 Agosti ijayo, msomaji wa sala za waumini amtaje Rosa pamoja na Edith, awataje Paul na Frieda, kisha awaombee Wayahudi wote waliouawa kambini, akisema wazi kwamba walikuwa Wayahudi. Katekista awaeleze watoto wa Kipaimara, kwa dakika kumi tu, Auschwitz ilikuwa nini na ilianzia wapi. Nasi mafrateri, tutakaokuja kushika mimbari, tujizoeze tangu sasa kuyakataa maneno ya dharau dhidi ya kabila au dini ya mtu, hata yanaposemwa kwa utani mezani petu. Edith aliandika barua yake mwaka 1933, miaka tisa kabla ya treni ile. Wakati wa kusema ulikuwapo.

Mtakatifu Teresa Benedikta wa Msalaba, utuombee.